Michezo ya vikaragosi kwenye simu: ipi ya kweli, na simu ya mtoto itayarishwe vipi?

MamaNasra_Tudor

Assalam alaykum wanajukwaa. Nina binti wa miaka 4, yuko PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), anawapenda mno Elmo na yule kikaragosi wa biskuti, Cookie Monster. Nataka nimwekee mchezo mmoja au miwili ya kujifunza. Simu ni Android ya kitambo, RAM 2GB, hifadhi 32GB, laini ni ya Safaricom na ina M-Pesa.

Nikiandika "Elmo" kwenye Play Store zatoka programu chungu nzima: nyingine za kupigiwa simu na kikaragosi, nyingine ni matangazo matupu. Nitaijuaje ya kweli? Nikilipia, mtoto hawezi kuendelea kununua vitu ndani kwa ndani? Na je, itacheza bila bando? Sitaki aguse mtandao kabisa.

FundiMakupa

Wa alaykum salaam dada. Anza na jina la mwenye programu, si picha. Jina hilo limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mchezo. Elmo, Cookie Monster na Big Bird ni mali ya Sesame Workshop, shirika lisilo la faida la New York ambalo kipindi chake cha televisheni, Sesame Street, kilianza Novemba 1969. Kermit na Miss Piggy, wale vikaragosi wa The Muppets, ni mali ya Disney tangu 2004. Wote wamepita mikononi mwa Jim Henson, mtengeneza vikaragosi, ndiyo watu wakawachanganya, lakini wenyewe ni wawili tofauti. Ukiona Elmo na Kermit wamebandikwa pamoja kwenye kipicha cha mchezo mmoja wa mtu usiyemjua, huyo kachukua picha mtandaoni tu.

Kampuni nyingine yaweza kuwa imepewa leseni. Basi shuka chini hadi mwisho wa maelezo: wenye leseni huandika wazi haki ni za nani. Bonyeza pia jina la mwenye programu uone michezo yake mingine. Kama leo ana Elmo, kesho mpira, keshokutwa mandhari za simu, mwache. Njia salama zaidi ni kuingia tovuti ya mwenye kikaragosi mwenyewe na kufuata kiungo cha Play Store kutoka huko. (Pinocchio, kikaragosi wa mbao wa hadithini, ni kesi nyingine. Mwandishi wake alifariki 1890, kwa hiyo yeyote aweza kumtumia, na jina lake halikuhakikishii chochote.)

Zile za kupigiwa simu: nyingi ni picha moja na sauti iliyorekodiwa, kisha tangazo kila mtoto akigusa. Lakini usizikatae kwa aina yake tu, maana Sesame Workshop wenyewe waliwahi kutoa ya namna hiyo, Elmo Calls. Hapo tena angalia jina la mwenye programu.

Kuna jambo wazazi wengi hawalijui, na hili nalisema kwa uzito. Ukitafuta vikaragosi wenye manyoya utaletewa pia michezo ya kutisha. Huggy Wuggy wa Poppy Playtime, mchezo uliotoka 2021, ni wa buluu na ana manyoya, na mtoto wa miaka 4 humwona kama ndugu yake Cookie Monster. Sivyo. Ana meno, anamkimbiza mchezaji gizani. Usimpe mtoto kisanduku cha kutafutia achague mwenyewe kwa rangi.

Kabla ya kupakua, soma mistari midogo: kama yasema ina matangazo, kama yasema kuna ununuzi ndani ya programu, na ukubwa wake. Alama ya "Teacher Approved" ikiwepo ni dalili nzuri, maana mchezo umepitiwa na walimu.

Kuhusu malipo. Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, nenda malipo na usajili, ongeza njia ya kulipa, chagua M-Pesa. Kisha, kabla hujalipa hata shilingi, rudi kwenye mipangilio ya Play Store, tafuta uthibitishaji wa ununuzi, uweke iwe KILA ununuzi. Ukiiacha kwenye kila dakika 30, mtoto ana nusu saa ya kununua apendavyo baada yako. Usisajili alama ya kidole cha mtoto kwenye simu hiyo, maana kidole hicho hicho hufungua malipo. Na mchezo ukikataa kucheza, omba kurudishiwa pesa ndani ya saa 48 kupitia Google Play. Zikipita hizo utaanza kufuatana na mwenye programu mwenyewe, na huko ni mbali.

AbuSaleh_Likoni

Fundi amemaliza upande wa duka. Naongeza upande wa simu, maana hapa ndipo watu hukwama.

Dada, michezo ya vikaragosi huwa mizito kuliko ya katuni za kuchora. Kikaragosi wa manyoya huwa amerekodiwa kwa kamera, mkono wa mtu uko ndani, na kila anapofungua mdomo ni kipande cha video. Elmo Loves ABCs ya Sesame kwa mfano ina herufi za kufuatisha kwa kidole, lakini pia imejaa vipande vya video. Simu ya 32GB mfumo wenyewe hula sehemu kubwa, kwa hiyo hakikisha umebaki na GB 3 au 4 tupu kabla ya kupakua. Usitegemee kadi ya kumbukumbu, programu nyingi hazikubali kuhamia huko, na zinazokubali huwa nzito kufunguka.

Ukubwa ulioandikwa Play Store si lazima uwe wote. Michezo mingine ikifunguliwa mara ya kwanza hupakua mzigo mwingine. Hapo ndipo mzazi hupakua kwa Wi-Fi nyumbani, akifika kwenye foleni ya feri mtoto anaona duara linazunguka tu. Fanya hivi:

Pakua kwenye Wi-Fi. Fungua mchezo, ingia kila chumba na kila herufi mpaka video ianze kucheza. Funga mchezo kabisa, uondoe hata kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Weka hali ya ndege, zima na Wi-Fi. Sasa fungua upya. Kinachocheza hapo ndicho kitakachocheza popote, na kisichocheza kinahitaji mtandao, hata maelezo yaseme nini. Fanya jaribio hili ndani ya zile saa 48 za fundi.

Hali ya ndege pia hukata matangazo mengi, ingawa machache hubaki yameshahifadhiwa ndani. Ikiwa lazima mtandao uwe wazi na simu ni Android 9 kwenda juu, ingia mipangilio ya mtandao, tafuta "Private DNS", andika dns.adguard-dns.com. Itazuia matangazo mengi ya ndani ya programu. Kasoro yake: ukiingia kwenye Wi-Fi ya hoteli au mkahawa inayotaka ujiandikishe kwanza, ukurasa wa kujiandikisha haufunguki. Rudisha iwe otomatiki, jiandikishe, kisha uiandike anwani ile tena.

Mwisho, mfungie mtoto ndani ya mchezo. Mipangilio, usalama, "App pinning" (kwenye Samsung imefichwa ndani ya mipangilio mingine ya usalama). Washa, na uwashe pia kuuliza PIN kabla ya kutoka. Fungua mchezo, ingia orodha ya programu za karibuni, bonyeza kipicha cha mchezo, chagua kubandika. Na badilisha simu itumie vitufe vitatu vya chini badala ya kutelezesha kidole. Mtoto anayefuatisha herufi ndefu kama "y" humalizia kidole ukingoni kabisa mwa skrini, na simu ya kutelezesha hudhani anataka kutoka. Ukiwa na vitufe vitatu, wewe hutoka kwa kushika kitufe cha kurudi na cha programu za karibuni kwa pamoja.

MwalimuWaNasari

Mama Nasra, hongera kwa kuuliza kabla ya kupakua. Mimi naomba usianze na mchezo wa herufi.

Elmo anasema majina ya herufi kwa Kiingereza. A yake mtoto anaisikia "ei", E anaisikia "i", na I anaisikia "ai". Huku kwetu mtoto wa PP1 yumo kwenye a, e, i, o, u, na ba be bi bo bu. Ukimpa vyote kwa pamoja, kinachovurugika ni irabu: ataona E aitamke "i", na neno "embe" analisoma "imbi". C peke yake hatuna, ni "ch" tu, na Q na X hatuzihitaji. Si kwamba mchezo ni mbaya, umetengenezewa mtoto wa Marekani na kwake uko sawa kabisa.

Anza na namba, maumbo, rangi na kupanga vitu. Tatu ni tatu tu, awe anaambiwa "three" au vipi, na wewe ukikaa kando unamwambia kwa Kiswahili vile vitu vinavyohesabiwa. Akishashika silabi vizuri, ndipo umfungulie herufi za Elmo, na umwambie wazi kwamba hivi ndivyo Elmo anavyoziita kwa Kiingereza. Watoto huelewa hilo haraka.

Muda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 ni kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora. Saa hiyo ni pamoja na televisheni. Gawa dakika 15 au 20 kwa kikao, asubuhi na jioni, na umalizie kwenye mwisho wa zoezi, si katikati ya video. Ukimkatiza katikati utalipia kwa kilio.

Ukitaka kinachosema Kiswahili, Ubongo wa Dar es Salaam wana Akili and Me. Hao ni katuni za kuchora, si vikaragosi wa mkono, lakini lugha ni yetu. Sesame nao waliwahi kuwa na toleo la Tanzania, Kilimani Sesame, 2008.

Kombo_Bamburi

Mimi nina iPhone ya zamani ya kumpa mtoto, nimfungie vipi ndani ya mchezo? Na je, mbona michezo mingine ya vikaragosi niliyoiona zamani siioni tena dukani, au naambiwa haiendani na simu?

FundiMakupa

Kaka Kombo, kwa iPhone kufunga ndani ya mchezo kwaitwa "Guided Access": mipangilio, ufikivu, utaikuta chini. Ukiwa ndani ya mchezo bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, au cha chini kwa zile zenye kitufe. Waweza hata kuchora duara juu ya sehemu ya skrini isiguswe, kwa mfano kona yenye kitufe cha duka. Ununuzi uzime kupitia muda wa skrini, vizuizi vya maudhui na faragha, ununuzi wa ndani ya programu, usiruhusu.

Michezo ya zamani: iPhone yenye iOS 11, ya 2017, kwenda juu haifungui programu za biti 32, yaani zile za mtindo wa zamani. Android 14 nayo hukataa kusakinisha programu zilizolengwa matoleo yaliyotangulia Android 6, na Play Store huzificha zile ambazo mwenyewe ameacha kuzisasisha. Michezo mingi ya vikaragosi ilitengenezwa enzi hizo, mikataba ya leseni ikaisha, hakuna aliyeirudia. Usikimbilie kuitafuta faili ya APK (faili ya kusakinisha programu ya Android) kwenye tovuti za pembeni. Faili hiyo yaweza kuwa imefunguliwa na kufungwa upya na mtu, na hiyo simu ina M-Pesa. Lakini kama uliwahi kuilipia, angalia historia ya ununuzi kwenye akaunti yako, mara nyingi bado yaweza kupakuliwa kwenye simu ya zamani.

MamaNasra_Tudor

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimepata wa namba, umepita jaribio la hali ya ndege, na malipo nimeyafunga. Mambo mawili yamebaki. Ukichezwa mchana simu inakuwa moto na mchezo unaanza kukwamakwama. Na akiburuta vitu, vinamponyoka katikati ya njia.

AbuSaleh_Likoni

Joto: Samsung na Apple wote huandika kwamba simu ifanye kazi kwenye nyuzi 0 hadi 35. Chumba cha mabati au kiti karibu na dirisha hapa kwetu mwezi wa tatu kimeshafika huko kabla mchezo haujaanza. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, hapo ndipo video hukwama. Usichaji huku akicheza, na hilo ndilo kubwa. Toa kava, hasa la raba nene. Punguza mwangaza hadi nusu. Weka simu juu ya meza au sakafu ya saruji, si juu ya godoro. Na uzime kisha uwashe simu kabla ya kikao, RAM 2GB haina nafasi ya programu nyingine nyuma. Ikishapata moto usiiweke kwenye friji, hewa yetu ina unyevu na utaingia ndani.

Kuponyoka: angalia protekta. Kioo kinene cha bei rahisi, au kilichoingia hewa pembeni, hupoteza mguso mdogo wa kidole cha mtoto. Kiondoe ujaribu bila hicho. Kwa Samsung, ndani ya mipangilio ya skrini kuna kuongeza usikivu wa mguso. Jasho nalo husababisha, na hata kidole gumba cha mkono ulioshika simu kikigusa ukingo, maana mchezo huona vidole viwili na huachia kilichoshikwa. Futa skrini kwa kitambaa kikavu, simamisha simu kwenye stendi, aburute kwa kidole kimoja. Kama bado vyaponyoka mahali pale pale pa skrini kila mara, basi kioo chenyewe kina sehemu iliyokufa, ipeleke simu kwa fundi akikague.