Mdogo wangu kanyonywa mafuta tumboni na mtu ambaye mpaka leo hatujui jina lake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa dawa za kupunguza mwili, haya ni mambo mawili tofauti.

Mdogo wangu ana watoto 2. Tangu amzae wa pili tumbo halikurudi, limebaki kama la mimba ya miezi mitano, na maneno ya watu mnayajua. Akaona tangazo la kliniki moja hapa Dar (jina siliandiki, suala liko Baraza la Madaktari Tanganyika), akawatumia meseji WhatsApp. Wakamtaka picha ya tumbo, ya mbele na ya ubavuni, na kilo zake. Hazikupita dakika 10 jibu likaja: "Dada unafaa kabisa. Ni milioni 4 na nusu, ukilipia wiki hii tunakupunguzia laki 5." Uchunguzi ukaishia hapo. Hakuna aliyemshika tumbo. Hakuna aliyemuuliza kama ana presha, kama anameza vidonge vya uzazi wa mpango, kama kwao kuna aliyewahi kugandiwa na damu kwenye mshipa.

Siku yenyewe nilimsindikiza mimi. Akapita mtu kavaa barakoa, tukaambiwa huyo ndiye dokta. Nikauliza, dokta nani? Binti wa mapokezi akanijibu, "Dokta wetu dada, usiwe na wasiwasi, kashafanya wengi." Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma kuliko kitu chochote katika habari hii.

Jioni tukarudishwa nyumbani, kafungwa mkanda, tukaambiwa usifunguliwe siku 3. Nilipoufungua, pamba zilikuwa zimelowa maji ya rangi ya damu iliyopauka, yananuka. Kushoto chini ya kitovu ngozi imevimba, ukiibonyeza inacheza kama mfuko wa maji. Homa 39. Nikapiga kliniki, wakasema ni kawaida, mpe dawa ya maumivu. Usiku huohuo tukakimbilia hospitali.

Daktari wa zamu aliuliza mambo matatu: kafanyiwa na nani, kawekewa ganzi kiasi gani, katolewa lita ngapi. Nikamkabidhi karatasi pekee niliyokuwa nayo, risiti yenye muhuri na sahihi ya kuchorachora. Jina hakuna. Dozi hakuna. Lita hakuna.

Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini aliuliza vile. Kabla ya kunyonywa mafuta, mtu hujazwa chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na lignokaini, ambayo ni ganzi, pamoja na adrenalini ya kupunguza kuvuja damu. Lignokaini ina kipimo chake kwa kilo za mtu. Ikizidi inavuruga moyo na ubongo, na inaweza kufikia kiwango chake cha juu kabisa kwenye damu masaa zaidi ya 10 baadaye, wakati mgonjwa kashalala kwake. Mafuta na maji hayo yakitolewa zaidi ya lita 5, huo ni upasuaji mkubwa, mtu anatakiwa alale wodini aangaliwe. Na mrija wenyewe wa kunyonyea unapita mahali pasipoonekana, mkono usiojua unatoboa utumbo. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki. Tuliisoma habari ile mimi na mdogo wangu, tukasema maskini, tukaendelea na mambo yetu.

Alilazwa siku 9. Lakini kilichonichoma moyo kabisa ni hiki. Bingwa wa upasuaji wa plastiki alipokuja kumwona, alimlaza chali, akamwambia ainue kichwa kidogo bila kujishika, akapitisha vidole viwili katikati ya tumbo. Vikazama. Akaniita nione. Misuli imeachana kwa ajili ya mimba. Hata angenyonywa mafuta yote, tumbo lile lingebaki palepale, maana misuli hushonwa na ngozi iliyolegea hukatwa, na hiyo ni operesheni nyingine kabisa. Kulijua hilo kulimchukua nusu dakika. Milioni 4, siku 9 wodini, na tumbo ambalo sasa lina makorongo, kwa kukosa nusu dakika ya mtu anayeijua kazi yake!

Dada zangu, usitoe hata mia kabla hujapewa jina kamili la atakayeshika mrija. Jina hilo lipeleke Baraza, uliza kasajiliwa kama nani, daktari wa kawaida au bingwa wa upasuaji wa plastiki. Neno "bingwa" kwenye bango anaandika yeyote. Vyeti vya kozi za siku chache za urembo, ambavyo pale vilijaa ukutani, si ubingwa. COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji chenye makao Arusha, kinatahini mabingwa hao, kwa hiyo wapo, na wana majina. Huyo mtu akushike tumbo mwenyewe, na akwambie kisichowezekana pia. Uliza nani anasimamia usingizi, maana anayepasua hawezi kuwa huyohuyo anayeangalia pumzi yako. Uliza ukizidiwa saa 8 usiku unampigia nani na unapelekwa hospitali gani. Picha zao za kabla na baada ziacheni, mdogo wangu hayumo kwenye picha zile na hatawekwa.

Nimepeleka barua Baraza. Swali la kwanza nililoulizwa ni jina la daktari. Kliniki nimekwenda mara 3, wanasema alikuwa wa muda, kashaondoka. Kama nawe ulifanyiwa hapa Dar ukatoka na risiti isiyo na jina la daktari, njoo PM tupeleke malalamiko pamoja. Risiti ya mdogo wangu ninayo, na ule mkanda nimeufunga kwenye mfuko, sijaufua.