Naomba ushauri: tumepata saa moja redioni, tuongee Kinubi au Kiswahili?

BintiBombo:
Asalaam alaikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama Wanubi hapa Bombo, Luweero. Tunasuka vikapu na mikeka na tunawekeana akiba. Tangu mwaka jana tumekuwa tukichanga ili tununue saa moja kila wiki kwenye redio moja ya FM ya huku kwetu. Alhamdulillahi, pesa imetimia. Meneja anataka laki tatu kwa mwezi na ametupa fomu ya mkataba. Ndani yake kuna mstari wa kujaza lugha ya kipindi, na mstari huo ndio umetugawa.

Wazee wanataka Kinubi, lugha yetu iliyotokana na Kiarabu. Vijana wanataka Kiswahili, wanasema kila mtu ataelewa.

Niwaeleze wazo lilikotoka. Jioni moja nilikuwa nakaanga gurusa, redio iko dirishani, kipindi cha kupiga simu kwa Luganda. Mada ilikuwa ardhi. Mtu mmoja akasema Wanubi si watu wa hapa, warudi kwao Sudani. Mtangazaji akacheka, akapokea simu nyingine. Mimi Luganda naongea tangu utoto, bibi yangu amezikwa hapa. Nikapiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Gurusa ikaungua yote. Wazee wetu waliletwa na Lugard, kapteni Mwingereza, mwaka 1891 kutoka jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko Sudani ya kusini, na Katiba ya 1995 imetutaja kwa jina kati ya jamii za asili za Uganda. Lakini aliyesikiliza redio jioni ile hakusikia hayo. Alisikia kicheko.

Upande wa pili: mwezi uliopita nilimrekodi Hajati mmoja kwa simu akisimulia hadithi ya fisi kwa Kinubi. Wajukuu zake watano walikaa mkekani. Mwanzoni walicheka panapochekesha. Katikati mmoja akauliza kwa Luganda neno fulani lina maana gani, kisha mwingine, kisha Hajati akanyamaza, akamalizia hadithi yote kwa Luganda. Ninayo sauti hiyo mpaka leo, na siwezi kuisikiliza hadi mwisho.

Mkataba unasainiwa tarehe moja. Nisaidieni.

MpendaAmani:
Dada, samahani kama nitakukwaza. Mimi naogopa redio za makabila, ziwe kubwa au ndogo. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo 1993, muziki mzuri na utani, na mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, ikawa inataja watu wa kuuawa. Kenya baada ya uchaguzi wa 2007 mtangazaji wa redio ya Kikalenjin alifikishwa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ingawa kesi yake ilifungwa 2016 bila kutiwa hatiani. Uganda ina makabila zaidi ya hamsini. Kila mmoja akiwa na redio yake tutaongea wapi pamoja? Chukueni Kiswahili, ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na haina mwenyewe.

Lacor_Mtulivu:
Naheshimu woga wako MpendaAmani, ila mimi ni wa Gulu na nimeona kinyume chake. Redio ya Mega FM ilifunguliwa huko 2002, vita vya waasi wa LRA bado vinawaka. Walikuwa na kipindi cha Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani. Waliotoka msituni wanakaa studio wanawaita wenzao waliobaki, kwa Kiacholi, wakiwaeleza kwamba wamepokelewa na kwamba Sheria ya Msamaha ya 2000 ipo kweli. Waliokuwa msituni walisikiliza kwa redio ndogo za betri, na wapo waliorudi. Tangazo lile lile kwa Kiingereza lingeonekana mtego wa serikali. Waliamini kwa sababu walijua sauti, walijua mtu anavyovuta neno la kijijini kwao.

RTLM haikuua kwa sababu ya Kinyarwanda. Iliua kwa sababu ya walioishika na walichokusudia, na kwa sababu aliyetukanwa hakuwa na mahali pa kujibu. BintiBombo alipiga simu mara kumi na moja. Hebu tuliangalie hilo kwanza.

NakatoMengo:
Mimi ni Muganda, na kwanza nakuomba radhi dada kwa kicheko kile.

Pili, nina neno ambalo vijana wenu hawatalipenda. Sisi hapa tunaandika Kiswahili kwa raha, lakini Luweero siyo Mombasa. Mama yangu alikuwa msichana huko wakati wa vita vya 1981 hadi 1986. Kwake Kiswahili ni sauti ya askari anayegonga mlango usiku akidai ng'ombe na pesa. Hadi leo akisikia mtu anasema "fungua" mikono inamtetemeka. Na Wanubi, mnajua wenyewe, watu wengi wamewafunga pamoja na jeshi la Amin hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Mkiingia hewani kwa Kiswahili kwa nia njema kabisa, jirani wa umri wa mama yangu atasikia kile kile alichokuwa anakiogopa. Kiswahili kitawafikisha kwa watu wengi Uganda, lakini si kwa huyo mnayemtaka, aliyepiga simu kuhusu ardhi. Huyo anasikia Luganda.

Nayasema haya nikiwa shabiki wa CBS, redio ya ufalme wa Buganda, tangu ianzishwe 1996. Tarehe 10 Septemba 2009 ilipofungwa na serikali, Kabaka, mfalme wetu, akiwa amezuiwa kwenda wilaya ya Kayunga, nyumbani kulikuwa kama kuna msiba. Ilirudi Oktoba 2010. Redio nyingine tatu zilifungwa siku zile, na ebimeeza, ile mijadala ya wazi ya wananchi, ikapigwa marufuku. Nilijifunza jambo moja: watu wanyimwe redio yao, hawapungui hasira. Wanahamia kwenye uvumi. Lakini nilijifunza na lingine ambalo sisi Waganda hatulisemi sana. Kayunga kuna Banyala, jamii ndogo ya huko, na mimi miaka yote ile sikuwahi kumsikia Munyala akijieleza mwenyewe kwenye redio niliyoipenda. Nilisikia tu wakisemwa.

MzeeKoboko:
Kinubi. Saa nzima. Kiswahili kina watu wa kukitetea, Luganda ina ufalme. Kinubi kina nani? Sisi huku mpakani tunakisikia sokoni, watoto wenu wa Bombo hawana hata soko. Huyo Hajati asibadilishwe katikati ya hadithi tena.

FundiMitambo:
Nimefanya kazi kwenye chumba cha mitambo redio tatu, Arua na kwingine. Nawaambia la kazini. Huko Arua, Radio Pacis inarusha Kilugbara, Kimadi na lugha nyingine, na nililoliona ni kwamba msikilizaji wa lugha moja akijua saa ya jirani inakuja baada ya yake, haongei ovyo, maana jirani naye ameshawasha redio anasubiri zamu yake. Kwa hiyo ombeni saa inayofuatana moja kwa moja na kipindi kikubwa cha Luganda, hata kama ni ghali kidogo. Usiku wa manane kwa bei nafuu msikubali.

Jingine. Meneja hajui Kinubi. Akitokea mpiga simu wenu akatukana Waganda kwa Kinubi, nani atashusha kitufe cha kukata sauti? Wekeni mtu wa pili studio anayeelewa, na simu zipokelewe nje ya hewa kwanza, muulize mtu anataka kusema nini. Rekodini kila kipindi na nakala ibaki kwenu. Siku mkishtakiwa kwa tume ya mawasiliano kwamba mmechochea, nakala hiyo ndiyo itawatetea.

BintiBombo:
Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na Hajati. Ya NakatoMengo yalimfanya akae kimya muda mrefu, halafu akasema ni kweli, hata yeye sokoni hathubutu Kiswahili kwa wanawake wa rika lake. Dada, mimi sikuwahi kuliona hilo. Swali kwa Fundi: tukigawa saa, si tutawachanganya wasikilizaji?

FundiMitambo:
Mkigawa kila siku tofauti, ndiyo. Mkigawa kwa dakika zile zile kila wiki, hapana. Watu wanazoea kama adhana.

MpendaAmani:
Bado naogopa, siwezi kusema uongo. Lakini mtu wa pili studio, hilo limenituliza. Na mtangazaji aliyecheka, mwalikeni.

MzeeKoboko:
Dakika za Kinubi zisipungue arobaini.

BintiBombo:
Nimerudi, tarehe moja imepita. Kwenye mstari wa lugha nimeandika Kinubi na Luganda. Dakika arobaini Kinubi: hadithi, bei za soko, matangazo ya misiba na harusi. Ishirini Luganda: tulifikaje Bombo, nani anazikwa wapi, na simu kutoka kwa yeyote. Vijana wamekasirika kidogo, nimewapa kazi ya kupokea simu na kukaa kitufeni. Meneja aligoma kutupa saa inayofuata kipindi cha ardhi, tukaongeza elfu hamsini, akakubali. Mtangazaji yule nimemwandikia barua, hajajibu.

Jumamosi saa kumi jioni tunaanza na hadithi ya fisi. Hajati ameuliza kama avae gurbaba mpya ingawa redioni haonekani. Nimemwambia avae.