Nimepigwa: seva "ya hapa nyumbani" kumbe iko Ujerumani

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Nina kimfumo kadogo ka kutunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nani kaleta magunia mangapi, nani anadaiwa, mzigo gani umeondoka kwenda Kongo. Miaka minne nilikodi seva, yaani kompyuta ya kuwekea mfumo, Ujerumani. Haikunisumbua, ila kulipia kwa kadi kila mwezi ni vita: leo imekubali, kesho benki imegoma.

Akaja jamaa wa kampuni moja ya Dar. Maneno matamu: data zibaki nchini, kasi, kulipa kwa simu. Bei mara tatu ya Wajerumani. Nikasema poa, uzalendo una gharama zake. Nikahamisha kila kitu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika. Intaneti ikafa karibu nchi nzima. Mimi natabasamu, si nina seva Dar? Data ya Mwanza kwenda Dar inapita nchi kavu, haina shughuli na bahari. Nafungua mfumo: kimya. Lori limepakia, madereva wananiangalia, hakuna anayejua nani anamdai nani. Mama mmoja akachomoa daftari lake kwenye kanga, akasoma madeni yake yote mpaka ya Pasaka, akanicheka.

Nikapiga simu. "Ni tatizo la kitaifa, kaka, vuta subira."

Mtandao uliporudi nikafuatilia njia ya data kutoka ofisini kwangu. Mwanza, Dar, halafu ikazama baharini, ikaibukia Marseille, ikaishia Frankfurt. Milisekunde 180 kwenda na kurudi! Hapa na Dar haifiki hata 40. Yaani wamekodi mashine kule kule nilikotoka, wakabandika nembo yao, wakanitoza mara tatu.

Na kinachoniuma zaidi si hela. Mle ndani kuna majina na namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Mimi niliwaambia wale kina mama kwa mdomo wangu kwamba taarifa zao ziko Dar. Nani mwongo sasa hapo?

Msije na "Mswahili hawezi". Sijasema hivyo, vituo vya data vya kweli Dar vipo. Na Ujerumani sina ugomvi nayo. Kama ni Ujerumani, semeni Ujerumani, nilipe bei ya Ujerumani. Nimeomba hela yangu, wiki ya tatu hii naambiwa meneja yuko safari.

Mwenye kumjua mtu anayekodisha seva iliyoko Dar kweli anitajie. Nitapanda basi stendi ya Nyegezi nije niishike kwa mkono ndiyo nilipe.