MJADALA: Mlima mrefu kuliko yote Antaktika una jina la mbunge, je libaki au liondolewe?

Mtoa mada (Moshi)

Wadau habari za saa hizi. Najua kuna watakaosema Antaktika inatuhusu nini sisi, naomba mnisome kwanza mpaka mwisho ndio mnirushie mawe.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro. Kila msimu hawakosekani wale wanaokusanya vilele saba, yaani mlima mrefu kuliko yote wa kila bara, sasa ukikaa nao kambini wanakutajia Everest, Aconcagua, Denali, halafu wanafika kwenye Vinson, ule wa Antaktika wenye mita 4,892. Msimu uliopita nilikuwa na mmoja kambi ya Barafu tunasubiri usiku uingie tuanze kupanda, nikamuuliza huyu Vinson alikuwa mpanda milima wa nchi gani, akabaki ananiangalia, hajui, na ameshalipia safari ya kwenda huko. Basi niliposhuka nikaanza kusoma.

Carl Vinson hakuwa mpanda milima. Alikuwa mbunge wa Marekani kutoka jimbo la Georgia, kaingia bungeni 1914 akatoka 1965, kaongoza kamati ya jeshi la majini na baadaye kamati ya majeshi yote, na kwa vile alisaidia serikali yao itoe hela za safari za Antaktika, mlima uliopigwa macho na ndege ya jeshi la majini Januari 1958 ukapewa jina lake. Watu wa kwanza kukanyaga kilele ni Wamarekani wenzake wa timu ya Nicholas Clinch, Desemba 1966, kwenye baridi ambayo sisi wa Kibo hatuijui. Hao waliopanda kwa miguu yao walisubiri mpaka 2006 ndipo vile vilele vya pembeni vikaitwa Clinch, Schoening, Corbet na wengine wa timu. Kile kirefu kabisa kikabaki na mbunge.

Na huyu mbunge ni mmoja wa wanasiasa wa kusini waliosaini lile tamko la 1956 la kupinga uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani uliokataza kutenganisha watoto weusi na weupe mashuleni. Sisemi jina lilitolewa kwa sababu hiyo, nasema ndiye huyo huyo.

Alafu ukiendelea kusoma unakuta sio Vinson peke yake. Wengi hapa tumekoroga Horlicks utotoni tukiwa wagonjwa, si ndio? Huko kuna Milima ya Horlick, kwa sababu mzee William Horlick mwenye kiwanda alimchangia Richard Byrd, mpelelezi wa Kimarekani, safari yake ya miaka ya 1930, na binti yake Mabelle Sidley naye alichanga, ndio maana volkano ndefu kuliko zote za Antaktika inaitwa Sidley, mita 4,285. Kuna Milima ya Rockefeller, ile familia ya matajiri wa Marekani. Kuna safu za Edsel Ford, ndio, Ford wa magari. Shackleton, mpelelezi wa Kiingereza, alipopita 1908 aliiacha barafu kubwa ya Beardmore na jina la tajiri wa viwanda wa Glasgow, na mlima Kirkpatrick wa mita 4,528 nao ni wa mfanyabiashara wa Glasgow.

Msimamo wangu ni kwamba bara ambalo halina mwenyewe, ambalo nchi 12 zilisaini Mkataba wa Antaktika Desemba 1959 litumike kwa amani na sayansi, halikutakiwa kuwa ukuta wa kubandika majina ya wenye hela na wenye vyeo. Yaondolewe, na tuanze na Vinson. Karibuni.

Baharia wa Tanga

Mkuu heshima yako, umeleta mada nzito na umeifanyia kazi, ila mimi nakupinga moja kwa moja.

Hizo safari ziliendeshwa kwa hela. Amundsen yule Mnorwe aliyefika wa kwanza ncha ya kusini, Shackleton, Byrd, wote walikuwa wanazunguka kuomba, mkono mmoja ramani mkono mwingine bakuli. Ukiona Horlick kwenye ramani unaelewa hapo hapo nani alilipa mafuta ya ndege. Ukilitoa ukaweka jina zuri la kishujaa, mtoto atakayesoma baada ya miaka 50 atadhani wale watu walikwenda kwa kudra tu. Mimi naona jina la mfadhili ni ushahidi, na ushahidi hauchomwi.

Halafu usitupe picha ya upande mmoja. James Clark Ross, nahodha wa Kiingereza, 1841 alipoiona ile volkano inatoa moshi katikati ya barafu hakuiita jina la tajiri, aliiita Erebus, na ya pembeni yake akaiita Terror, majina ya meli zake mbili. Amundsen akirudi kutoka ncha ya kusini alipita kwenye kilima kimoja kidogo akajenga rundo la mawe, tarehe 6 Januari 1912, akaacha humo mafuta ya taa na viberiti na barua, na kile kilima alishakiita Betty, jina la mama aliyekuwa mlezi nyumbani kwao. Lile rundo lipo mpaka leo linalindwa kama kumbukumbu ya kihistoria. Sasa huyo mama hakuwa na hela wala cheo. Kwa hiyo ramani ile ina kila aina ya watu, ukianza kuchambua nani anastahili nani hastahili hutamaliza.

La mwisho na ndilo kubwa kwangu, usalama. Umemtaja Denali. Wamarekani walitoa jina la rais wao wa zamani McKinley wakaweka Denali 2015, Januari 2025 rais mwingine kaingia karudisha McKinley siku ya kwanza tu kazini. Huo ndio mchezo unaotaka upelekwe Antaktika? Kule mtu akiita msaada kwenye redio anataja jina, na anayemsikia awe anajua ni wapi. Mnakumbuka ile ndege ya abiria ya New Zealand iliyogonga Erebus tarehe 28 Novemba 1979 wakafa watu wote 257. Namba za njia kwenye kompyuta zilibadilishwa usiku wa kuamkia safari, marubani hawakuambiwa. Kwenye barafu taarifa ikichezewa watu wanakufa.

Dada wa Nairobi

Mimi siko kwa Vinson wala siko kwa kubadilisha, mimi nauliza swali moja, hiyo barua ya kuomba jina liondolewe mnampelekea nani?

Maanake hakuna ofisi ya dunia ya majina ya Antaktika. Kila nchi ina kamati yake. Waingereza wana yao tangu 1945, Wamarekani wana yao, Wabulgaria walianzisha yao 1994. Kuna daftari moja la pamoja la wanasayansi la kukusanya haya majina yote, lakini lile linakusanya tu, haliamui, na humo majina ni mengi kuliko mahali penyewe, yaani mlima mmoja unaweza kuwa na jina la Kiingereza, la Kihispania, la Kirusi. Ile rasi kubwa inayoelekea Amerika Kusini, Waingereza walikuwa wanasema Graham Land, Wamarekani wanasema Palmer, Chile wanaita Tierra de O'Higgins, Argentina wanaita Tierra de San Martín, ilibidi mpaka 1964 ndio Wamarekani na Waingereza wakubaliane iitwe tu Rasi ya Antaktika, kaskazini ibaki Graham na kusini Palmer. Chile na Argentina kila mmoja na lake mpaka leo.

Na tusijidanganye ati majina ni heshima tu. Uingereza, Chile na Argentina zinadai kipande kile kile cha ardhi. Mkataba umegandisha madai, haukuyafuta, so mtu haruhusiwi kuongeza mipaka lakini anaweza kuongeza majina, na ndio wanafanya hivyo. Waingereza wakimaliza majina ya watu wanaingia kwenye mada, kisiwa cha Alexander wamekijaza watunzi wa muziki, kuna mpaka Mozart na Beethoven. Wabulgaria kwenye kisiwa cha Livingston wameita safu nzima Tangra, jina la mungu wa mababu zao, na vilele vinaitwa vijiji na miji ya kwao, na jumla majina yao yamepita elfu moja na kitu kwa kituo kimoja kidogo cha utafiti. Mimi kwa kweli hao siwalaumu, wameona wakubwa wamegawana ramani na wao wakaingia na kalamu.

Kwa hiyo mtoa mada ukitoa Vinson kesho, jina jipya linakuja na bendera ya nani?

Mwalimu wa Jiografia (Dodoma)

Naomba nichangie kitu ambacho hakijatajwa, na kipo karibu yetu kuliko hivyo vyote.

Afrika Kusini ina visiwa viwili kule chini kwenye bahari ya baridi, Prince Edward na Marion. Kisiwa cha Marion kina volkano, na kilele chake cha juu, kama mita 1,230 hivi, kilikuwa kinaitwa State President Swart. Huyu ni Charles Swart, waziri wa sheria wa serikali ya ubaguzi kuanzia 1948, kisha rais wa kwanza wa jamhuri yao 1961. Mwaka 2003 jina likaondolewa, sasa kinaitwa Mascarin, jina la meli ya Marion du Fresne, yule Mfaransa aliyepita pale karne ya 18. Watafiti wanaendelea kukaa kwenye kile kisiwa, meli inaendelea kuleta chakula, hakuna kilichosimama.

Huwa nawaonyesha wanafunzi ramani mbili za kisiwa hicho, ya zamani na ya sasa. Swali lao la kwanza ni nani alilitoa na aliruhusiwa na nani. Jibu ni rahisi kwa sababu kisiwa ni cha Afrika Kusini. Antaktika jibu ni gumu, hapo nakubaliana na dada.

Ila Baharia, kwenye hoja ya wafadhili nakukumbusha kwamba Wamarekani wenyewe walishaona aibu. Kamati yao ina mwongozo kwamba jina halitolewi kwa undugu na urafiki, wala jina la bidhaa, wala kwa mfadhili anayeutumia mchango wake kujitangazia biashara. Kama Horlick angeomba leo angeweza kukataliwa. Sasa kama sheria yao ya leo inakataa, kwa nini ya jana iachwe tu kwa vile iliwahi?

Mtoa mada (Moshi)

Asanteni sana, hii ndio raha ya mjadala. Nijibu kwa kuruka ruka.

Baharia kaka yangu, ile ajali ya Erebus kila nikiisoma naumia, na ndiyo maana siwezi kukubali uitumie hivyo. Tatizo lilikuwa marubani hawakuambiwa. Mabadiliko ya jina yanatangazwa, yanachapishwa, ramani zinaandika yote mawili kwa muda. Na New Zealand waliongeza jina pale pale kisiwa cha Ross penye Erebus mwaka 2000, kilele kinaitwa Te Puna Roimata, la Kimaori, kukumbuka wale 257. Kwa hiyo ramani ya Antaktika inaguswa kila siku, haijawahi kuwa msahafu.

Kuhusu ushahidi wa hela, hapo umenigonga kweli kweli na nimeifikiria hoja yako usiku kucha. Lakini ushahidi unakaa kwenye kitabu na kwenye kumbukumbu za safari, mlimani inakaa heshima. Sisi hapa Kibo, Hans Meyer alipofika juu 1889 akapaita jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani. Desemba 1961 tukapaita Uhuru. Kuna mtu amesahau kwamba Wajerumani walikuwepo? Kila mgeni ninayepanda naye namsimulia. Jina limetoka, historia imebaki mdomoni mwangu.

Na hili sidhani kama wengi mnalijua. Yule yule Wilhelm bado yuko Antaktika. Wajerumani wa timu ya mpelelezi Drygalski walifika huko 1902 na meli yao Gauss ikanaswa kwenye barafu mwaka mzima, wakaita nchi ile Kaiser Wilhelm II, na kilima cha volkano iliyozimika walichokiona wakakiita Gaussberg kwa jina la meli. Leo eneo hilo linadaiwa na Australia, waliopigana na jeshi la huyo Kaiser, na jina bado lipo. Sisi tuliotawaliwa na watu wake tulimshusha miaka zaidi ya 60 iliyopita, kule kwenye barafu hakuna aliyejisumbua kwa sababu hakuna mwananchi wa kuumia. Hapo ndipo ninapopata uchungu na hii mada. Jina linabaki kwa kukosa wa kulilalamikia, watu wanadhani limebaki kwa kuwa linafaa.

Dada wa Nairobi, barua inakwenda kwa kamati ya Marekani, kwa sababu ndio waliotoa Vinson na wao wanaweza kulitoa bila kuomba ruhusa ya mtu. Na Afrika Kusini ni miongoni mwa wale 12 waliosaini 1959, Mwafrika pekee mezani, wao wana mfano wa Swart mkononi, kwa nini wasilisimamishe hili kwenye vikao vya Mkataba? Kuhusu bendera, jina ninalotaka mimi ni George Gibbs. Huyu alikuwa mhudumu wa chakula kwenye meli ya USS Bear, Januari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kukanyaga Antaktika, na 2009 wakampa ncha moja ya pwani kwenye kisiwa cha Horseshoe. Ncha ya pwani! Aliyesaini tamko la kuzuia watoto weusi wasikae darasa moja na wenzao ana kilele cha bara zima. Hata bendera ikiwa ya Marekani kwa hilo sina neno.

Baharia wa Tanga

Hiyo ya Gibbs sikuwa nayo. Sawa, kwa Vinson nalegeza, kwa masharti, watangaze mapema na ramani zibebe majina yote mawili si chini ya miaka kumi, na lisiwe jambo la rais mmoja kusaini asubuhi. Ila Horlick na Sidley na Ford na Rockefeller waacheni walipo, hapo tutabishana mpaka kesho. Na huyo Kaiser muulizeni Mwaustralia.