Hizi karatasi za "tafuta maneno" zinamfundisha mtoto kusoma, au zinamnyamazisha tu?

Chaki_Nyeupe (mleta mada)
Wakuu, salaam. Walimu na wazazi wa madarasa ya chini, tukutane hapa.

Shule za inglishi midiamu zimeshika mtindo. Mtoto wa darasa la kwanza akifika kwenye irabu pacha za Kiingereza (ai, ee, oa, ea), anapewa karatasi yenye mraba wa herufi 12 kwa 12. Pembeni kuna orodha: rain, train, boat, coat. Anaambiwa azitafute azizungushie. Kesho nyingine, keshokutwa nyingine.

Mimi nasema huko siyo kusoma. Mtoto anaona r, anasaka r, anaangalia kama jirani yake ni a, kalamu imeshazunguka. Mpe neno la Kifini atalipata vilevile. Sauti haijatoka mdomoni hata mara moja. Na huyu wetu ameanza na ba be bi bo bu, anajua kila irabu inatamkwa. Kwake rain ni "ra-i-ni" hata aizungushie mara kumi.

Zifutwe kwa darasa la kwanza na la pili. Zinapendwa kwa sababu darasa linatulia dakika 20, mwalimu anapata nafasi ya kuchati.

Ticha_Mkongwe
Ulianza vizuri ukamalizia kwa tusi. Kuchati? Darasa watoto 45, kipindi dakika 30. Mwalimu anayejua kazi yake akiwapa 40 karatasi, watano anawaita mezani wamsomee kwa sauti mmoja mmoja. Piga hesabu: watano kwa kipindi, vipindi tisa umewamaliza. Nje ya hapo, hao 40 utawaweka wapi? Mfukoni?

Chaki_Nyeupe
Ticha, sikusema wote.

Ticha_Mkongwe
Umeandika "mwalimu anapata nafasi ya kuchati". Nionyeshe neno "baadhi" liko wapi hapo.

Sina_Makuu
Mimi naunga mkono mleta mada, hasa kwenye kuchati 😂

Kijumba_Kimoja
Mnagombania simu, mada imelala. Mchezo wenyewe hauna kosa. Kosa ni zile karatasi za kupakua mtandaoni na kuzitoa kopi bila hata kuzitazama.

Kwanza, herufi zote kubwa, wakati mtoto anasoma ndogo. Na hata ukizigeuza, chunguza fonti: zipo ambazo l ndogo na I kubwa ni kijiti kilekile, na ile a yenye kofia siyo a anayofundishwa kuiandika.

Pili, maneno yamelazwa mshazari na kinyumenyume. Mtoto bado anazoea kwamba tunatoka kushoto kwenda kulia, wewe unamwekea "niar".

Tatu, na hii ndiyo inayoua somo: a ina kijumba chake, i ina kijumba chake. Wiki nzima umemwambia hizi mbili ni sauti moja, halafu karatasi inazitenganisha kwa ukuta. Jozi nzima ikae kijumba kimoja. Hivi, vitano kwa vitano, jozi moja tu ya oa, maneno matano, kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini:

c | oa | t | m | i
e | s | oa | p | g
r | u | b | n | oa
oa | v | oa | e | l
d | i | t | a | f

Usiweke orodha pembeni. Hapo ndipo mleta mada ana haki: orodha ikiwepo, macho yanafanya kazi, masikio yamelala. Mwalimu anasema "goal". Darasa linarudia, linahesabu sauti kwa vidole: g, oa, l. Vidole vitatu, vijumba vitatu. Ndipo anasaka. Akipata, anaandika neno zima kwenye daftari na kupiga mstari chini ya oa. Kopi huhitaji: chora ubaoni, wanakili kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Ila usiwaache wanakili kimya kimya, maana akiruka kijumba kimoja mstari wote unasogea na goal haipo tena. Wasomee kwa sauti, kijumba kwa kijumba. Hiyo nayo ni imla.

Jicho_Kali
Umesema matano? Mstari wa tatu kuna rub. Mstari wa mwisho kuna it. Mimi nina saba.

Kijumba_Kimoja
Umenipata. Pa u weka w, na hiyo i ya mstari wa mwisho iwe n.

Jicho_Kali
Ukizidi kujaza konsonanti unaharibu zaidi. Hesabu: maneno matano, oa tano. Hakuna hata oa moja ya uongo. Mtoto mjanja hasikilizi "goal" wala nini. Anazungushia kila oa pamoja na jirani wa huku na huku, dakika mbili amemaliza, anamchokoza mwenzake. Mraba wa namna hii unatakiwa uwe na oa zisizo na kazi, walau tatu, na ao mbili za kumtega asome mpangilio.

Pwani_Asili
Kila kijumba oa, oa, oa, oa, oa. Hii karatasi imetungwa na mashangazi zangu.

Sina_Makuu
😂😂 Somo la kwanza: oa. Somo la pili: mahari.

Kijumba_Kimoja
Chekeni, lakini ugumu wenyewe uko hapo. Mtoto wa Kiswahili ukimwonyesha oa peke yake anasoma kitenzi kamili, silabi mbili. Na ai kwake ni mshangao. Kwa hiyo jozi hizi usizionyeshe zikiwa pekee, zianze ndani ya neno. Jolly Phonics wenyewe (ule mpango wa Uingereza wa kufundisha kusoma kupitia sauti za herufi), katika zile sauti zao 42, hawagusi ai na oa mpaka kundi la nne, mtoto akiwa ameshashika herufi moja moja.

Mama_wa_Nyali
Jicho_Kali, hebu rudi hapo kwenye ao. Unataka kumwekea mtoto "baot" makusudi? Mtoto anashika anachokiona. Ukimwonyesha kosa leo, kesho ataliandika kwenye insha. Sisi tunapigana na tahajia usiku na mchana, ninyi mnapanda magugu.

Jicho_Kali
Mama, sijasema aandike. Nimesema alikatae. Uingereza tangu 2012 wanawapima watoto wa mwaka wa kwanza kwa maneno 40, na 20 kati yake hayapo katika Kiingereza. Yanawekewa picha ya dubwana pembeni, mtoto ajue ni la kubuni. Sababu ni moja: neno asilowahi kuliona haliwezi kukaririwa, lazima alisome.

Mama_wa_Nyali
Huko anasoma neno la kubuni lililoandikwa kwa kanuni. "Baot" haifuati kanuni yoyote. Vitu viwili tofauti, usinichanganyie.

Jicho_Kali
Hapo sawa. Basi ao zitoke, zibaki oa za uongo tupu: d-oa-p, m-oa-b. Kanuni ipo, neno halipo.

Nyundo_Baridi
Wakuu, mnazunguka mbali. Mtoto wa hapa hizo sauti anazo tangu nyumbani, ila hajui. Goal tunasema goli. Coach, kocha. Coat, koti. Boat, boti. Toast, tosti. Oa zote tano zimekuwa o moja. Njoo ai: train ni treni, na meli yenyewe inasemwa imetokana na mail, zile meli za barua. Ee: keep left imekuwa kipilefti, screen skrini. Ea: team timu, league ligi, beach bichi. Hata ile ea korofi ipo: sweater ni sweta. Waliokopa maneno haya walisikia kwa sikio, hawakusoma herufi. Andika safu mbili ubaoni, goli huku, goal kule, muulize mtoto: hii o yetu wao wameiandikaje? Ndani ya dakika tano amekujibu "oa". Baada ya hapo mraba wako wa vijumba ni mazoezi tu.

Lang'ata_Moja
Kipilefti!! Ninyi watu wa Bongo mnaenda kufundisha watoto Kiingereza kwa kipilefti? Huku kwetu ni raundabauti, na mtoto wa Gredi ya 1 anaitamka vizuri.

Nyundo_Baridi
Raundabauti nayo umeizaa wewe? Ni mkopo uleule, umeubeba bila kuukata tu.

Lang'ata_Moja
Angalau ukiurudisha unaeleweka. Nenda London ukaulize njia ya kipilefti.

Pwani_Asili
London atafika kwa meli au kwa mail?

Ticha_Mkongwe
Kenya mlianza Tusome, ule mpango wa kusoma wa madarasa ya chini, mwaka 2015, vitabu vya Kiingereza na Kiswahili nchi nzima. Sisi mwaka huohuo tulirudi kwenye KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) kwa la kwanza na la pili, na wakati huo Kiingereza kilianzia la tatu kwa shule za Kayumba, yaani za serikali. Kila mtu na njia yake. Usitucheke kwa kipilefti.

Lang'ata_Moja
Sicheki KKK, mwalimu. Nacheka kipilefti peke yake.

Mama_wa_Nyali
Nyundo_Baridi, wazo lako tamu, ila lina shimo. Koti inamsaidia kusoma, haimsaidii kutamka wala kuandika. Kiswahili kina o moja. Coat na cot, goat na got, kwa sikio lake ni kitu kimoja. Vivyo hivyo i: timu, ship, sheep, zote i moja. Atasoma sheep sawasawa akiiona, lakini mwambie aandike kwa imla, anaandika ship, naye hajakosea kulingana na alichosikia. Hapo mraba wa maneno hausaidii hata chembe, maana macho hayasikii urefu wa sauti. Kinachofaa ni jozi zinazogongana: sit na seat, fit na feet, hit na heat, chip na cheap. Mwalimu anasema moja, mtoto ananyoosha kidole kwenye iliyosemwa. Kumi kwa siku zinatosha. Na mwalimu mwenyewe avute hiyo ee. Akiikata fupi, hakuna somo.

Nyundo_Baridi
Nakubali kwa imla. Kwa kusoma sikubali, na mada ni kusoma.

Kamusi_Hai
Samahani, tangu juu mnasema "irabu". Sahihi ni vokali. Na "irabu pacha" ni istilahi ya wapi?

Kijumba_Kimoja
Ya hapa, tangu leo.

Kamusi_Hai
Pacha wanafanana. o na a hazifanani. Semeni vokali ambatani.

Lang'ata_Moja
Irabu ni neno letu, liko vitabuni. Hizo vokali zenu ni mkopo, kama kipilefti.

Kamusi_Hai
Na irabu imetoka wapi, Machakos? Nayo ni mkopo, wa Kiarabu.

Sina_Makuu
Kipilefti imegeuka kipilefti kweli, tunazunguka tu hatutoki.

Chaki_Nyeupe
Jamani, nauliza: zifutwe au zisifutwe?

Ticha_Mkongwe
Kwanza ondoa ile ya kuchati.

Chaki_Nyeupe
Haya, nimeiondoa. Yaishe.

Ticha_Mkongwe
Asante. Zisifutwe, zisogezwe. Zisiwe somo la kuanzia, ziwe za siku ya nne au ya tano, jozi ikiwa imeshafundishwa kwa mdomo na kwa kuandika. Na acheni ule wimbo wa "irabu mbili zikiongozana, ya kwanza ndiyo husema". Mmarekani mmoja, Clymer, mwaka 1963 aliihesabu kanuni hiyo kwenye maneno ya vitabu vya watoto, ikashika asilimia 45 tu. Kwa oa na ee karibu haikosi. Ukifika ea inakuangusha, na ou, oi, au kwa kawaida haziijui. Sasa mtu anakusanya jozi sita kwenye karatasi moja, juu ameandika kanuni. Mtoto anakutana na bread, anasoma "briidi", na kanuni ndiyo iliyomdanganya.

Mama_wa_Nyali
Hapo mwalimu umenena. Na nafasi ya jozi ndani ya neno mbona hakuna aliyeigusa? ai hukaa katikati, ay mwishoni: rain, ray, paid, pay. oa katikati, ow mwishoni: boat, snow. Hilo mtoto analishika kwa siku moja na linaokoa tahajia nyingi kuliko huo wimbo. Mraba unaweza kulifanya kwa urahisi: jozi za ay ziwekwe kwenye ukingo wa kulia, ambako neno haliwezi kuendelea.

Kijumba_Kimoja
Hii ya ukingo naiiba.

Ticha_Mkongwe
Basi kabla hujalala tutungie wa ea, hiyo ndiyo inayotusumbua. Bila karatasi, wa ubaoni.

Kijumba_Kimoja
Vijumba sita kwa sita, maneno sita: team, beach, seat, bread, head, great. Chini ya mraba chora masanduku matatu: moja lina picha ya timu, moja sweta, la tatu keki, maana ea ya great inatoka kama ile a ya cake. Akipata neno analisema kwanza, halafu analitia kwenye sanduku lake. team, beach na seat kwa timu, bread na head kwa sweta. Sanduku la keki litabaki na neno moja, na ndivyo inavyotakiwa, maana ea ya namna hiyo kwa maneno ya kawaida ni tatu tu: great, break, steak. Hizo afundishwe kama zilivyo, asitafutiwe kanuni. Asiyeweza kuchagua sanduku hajasoma, hata kama amezungushia yote sita. Mraba nauweka kesho asubuhi.

Jicho_Kali
Uweke. Nitahesabu.