Nimerekodi Bach na Beethoven kwa piano: kati ya ISRC na ISWC, ipi ni yangu?

PianoYaMtaani: Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kurekodi albamu ndogo: preludi na fuga ya Bach (BWV 846, yaani namba yake kwenye katalogi ya kazi za Bach), pamoja na sonata ya Beethoven Op. 27 Na. 2. Msambazaji wa mtandaoni anataka nijaze namba za utambulisho za ISRC na ISWC, na jina la mtunzi. Jamaa wa studio anasema niandike jina langu kwenye mtunzi, eti Bach hawezi kulalamika. Halafu preludi niliyopandisha mtandaoni kwa majaribio, kampuni nisiyoijua imeshadai kuwa ni yake. Mwenye uelewa anisaidie.

NotiNaFunguo: Mkuu, huyo wa studio usimsikilize kabisa.

ISRC ni ya rekodi, yaani sauti uliyoinasa wewe. Ina herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo ni za anayeitoa, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Mwaka huo ni wa kutolewa namba, si wa kurekodi. Wengi hujichanganya hapo. ISWC ni ya utunzi. Huanza na T, zikafuata tarakimu 9 na moja ya kuhakiki.

Mpiga piano Glenn Gould alitoa Goldberg Variations ya Bach kutokana na rekodi ya 1955, akarudi studio 1981 akaipiga upya. Ya kwanza inakimbia, dakika kama 38. Ya pili imetulia, inafika 51. Utunzi ni uleule, BWV 988, lakini hakuna ISRC hata moja ambayo rekodi hizo zinachangia.

Kwako: preludi treki moja, fuga moja, sonata treki tatu. ISRC tano. Wasambazaji wengi wanazitoa bure.

AltoWaKwaya: Samahani kuingilia. Ave Maria ya Gounod si imekaa juu ya preludi hiyohiyo? Nayo ni utunzi wa Bach?

NotiNaFunguo: Dada, ile ni kazi nyingine, unaandika Bach/Gounod. Ndiyo maana @PianoYaMtaani usinakili ISWC yoyote utakayoona ina jina la Bach. Nyingine ni za mipangilio (utunzi wa zamani uliopangwa upya) ya watu wa juzi tu, na mrabaha unaweza kumfuata huyo aliyeupanga ilhali wewe umepiga noti za asili. Kama huna uhakika, acha wazi. Andika "Johann Sebastian Bach" kwenye mtunzi, na BWV 846 kwenye jina la treki. Kwa muziki huu, namba ya katalogi inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana preludi za C ziko tele.

FundiMitambo: Kuhusu lile dai: mashine ya mtandao inayotafuta rekodi zinazofanana inasikiliza sauti, haisomi ISRC yako. Noti zilezile, piano, kasi inayokaribiana, basi inakufananisha na mwingine. Ukipinga, usiishie kusema Bach alikufa 1750. Wanaodai hawadai utunzi, wanadai rekodi. Sema rekodi ni yako, taja aliyepiga na studio, na kama una faili za awali ziweke tayari.

PianoYaMtaani: Asanteni sana. Nikihama msambazaji je, naomba ISRC nyingine?

NotiNaFunguo: Hapana, unahama nazo zilezile. Ukipewa mpya kwa rekodi ileile, hesabu ya wasikilizaji wako inaweza kuanza sifuri. Ziandike pembeni kabla hujafunga akaunti.