Ada ya jengo ya kila mwezi haikupanda miaka yote, leo jengo linavuja na akiba hakuna. Nimechoka na kamati ya jumuiya yetu ya wenye fleti

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Ni saa sita usiku, dari ya bafu langu inadondosha maji na ndoo nimeimwaga mara mbili tangu jioni. Hii ni wiki ya tatu. Nimepiga simu, nimetuma picha, nimemfuata mwenyekiti hadi mlangoni kwake. Leo badala ya fundi nimeletewa karatasi iliyosukumwa chini ya mlango: kila fleti ilipe mchango wa dharura sawa na ada ya miezi kumi na minne, ndani ya siku thelathini, "kwa matengenezo muhimu ya jengo". Mistari mitatu tu. Hakuna makadirio ya fundi, hakuna ripoti ya mhandisi, hata kinachotengenezwa ni nini hawakutaja.

Jengo lenyewe ni la ghorofa nne, fleti ishirini na nne, lina zaidi ya miaka arobaini. Si la kifahari. Halina lifti wala bwawa la kuogelea. Tulionunua humu ni watu wa kipato cha kawaida na wastaafu, watu waliojinyima miaka ili wawe na mlango wao wenyewe. Na ni nyumba nzuri jamani. Vyumba vipana, kuta nene, hewa inapita, majirani tunajuana hadi majina ya wajukuu. Nalipenda hili jengo, na hasira yangu yote inatoka hapo.

Mimi nakaa ghorofa ya juu kabisa. Paa letu ni bapa, la zege, limefunikwa tabaka la kuzuia maji. Tabaka kama hilo lina umri wake, miaka 20 hivi ukilitunza vizuri, na letu halijabadilishwa kwa muda wote niliokaa humu. Limepasukapasuka, sehemu zilizobonyea zimejaa maji, matundu ya kutolea maji yameziba majani na vifuko. Nimepanda mwenyewe na ufagio mara kadhaa kuyazibua. Sasa nilipolisema hili kwenye mkutano, jirani mmoja wa ghorofa ya chini alisimama mbele ya watu wote akasema, "Paa ni la wanaokaa juu." Na kamati ikanyamaza! Mwenyekiti hakumsahihisha. Mtu umenunua fleti, una hati, hujui kwamba umenunua vitu viwili: kilichomo ndani ya kuta zako, na fungu lako la paa, msingi, ngazi, nguzo, matangi, pampu na mabomba makuu. Paa likioza limeoza la wote. Maji yanayonidondokea mimi leo hayaishii kwangu, yanashuka. Mama mtu mzima aliye chini yangu ameshaanza kuona doa la kahawia juu ya kabati lake la nguo.

Halafu kuna mabomba. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo nilipoielewa hii kamati.

Mwaka jana maji yalianza kutoka jikoni kwangu kama uzi. Nikaita fundi bomba kwa pesa yangu. Akakata kipande cha bomba kuu linalopanda kutoka kwenye pampu, akanipa mkononi. Kwa nje kizima kabisa, kimepakwa rangi. Ndani, kutu imejijenga tabaka juu ya tabaka, ngumu kama jiwe, tundu lililobaki haliingizi hata kidole changu kidogo. Nilichukua penseli ya mwanangu nikajaribu kuipitisha, ikakwama katikati. Fundi akaniambia, "Mama, haya yote yako hivi, kutoka chini hadi juu. Ukibadilisha hapa, kesho litapasuka pale." Ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ya wakati ule. Zinki ikishaisha, maji yanaanza kula chuma kutoka ndani, na kwa kawaida mabomba hayo huhesabiwa miaka 40 hadi 50. Yaani yetu yamefika.

Kile kipande nilikipeleka kwenye kikao cha kamati nikakiweka mezani. Katibu alikigeuzageuza, akauliza kama hilo jambo linaweza kusubiri bajeti ijayo. Wakaunga kipande cha plastiki pale palipokatwa, basi. Mwezi uleule wakapaka rangi geti na ukuta wa mbele. Niliuliza kwa nini. Nikaambiwa jengo likionekana vizuri, thamani ya nyumba zetu inapanda. Thamani ipi, ya rangi? Mnunuzi mwenye akili atafungua bomba kabla hajaangalia geti.

Tatizo letu halikuanza na karatasi ya leo. Lilianza miaka mingi nyuma, kwenye mikutano mikuu ya kila mwaka, ambako ajenda pekee inayojaza ukumbi ni moja: ada itapanda au haitapanda? Na kila mwaka mwenyekiti anasimama kifua mbele, haitapanda, watu wanapiga makofi. Na mimi nilipiga, nakiri, miaka yangu miwili ya kwanza, kwa sababu nilikuwa bado nalipa mkopo wa benki. Sikujua ninachokipigia makofi. Ile ada ilikuwa inatosha mlinzi, mfagiaji, umeme wa ngazini na kuzoa taka. Haikubaki senti ya paa. Haikubaki senti ya mabomba. Jengo lilikuwa linachakaa kila siku na sisi tunajidanganya kwamba tumebana matumizi. Wenzetu waliokaa humu miaka ishirini na mitano, wakauza, wakaondoka, waliishi kwa bei ya chini na deni lao wametuachia sisi tuliobaki na wale walionunua juzi. Kuna kijana na mkewe wamehamia miezi minane iliyopita. Aliyewauzia hakuwaambia lolote, kamati haikuwaambia lolote, na leo nao wamekuta karatasi chini ya mlango.

Kwingine haya mambo wameshayajua. Japani wenye fleti hulipa kila mwezi mafungu mawili, la uendeshaji na la akiba ya matengenezo, na ni kawaida jengo kufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya miaka 12 hadi 15 hivi. Australia, jimbo la New South Wales, sheria inazitaka jumuiya za fleti ziwe na mpango wa miaka 10 unaoonyesha kitakachohitaji kutengenezwa na pesa itatoka wapi. Miaka kumi mbele! Sisi hatuna hata orodha ya vitu vyenyewe. Niliwahi kumuuliza mhazini pampu ilinunuliwa lini, akaniambia atamuuliza mlinzi.

Na msiniambie nakuza mambo. Asubuhi moja mwezi uliopita nilisikia kishindo chumbani. Kipande cha plasta cha ukubwa wa sahani kimeanguka kutoka darini, sentimita chache kutoka mto wa mwanangu, ambaye kwa bahati alikuwa ameshaamka kwenda shule. Nikapanda kwenye kiti na tochi. Nondo inaonekana, imevimba, nyekundu, nikaigusa kwa ukucha ikamenyeka kama ganda la kitunguu. Mhandisi niliyemwonyesha picha alinieleza kwa lugha rahisi: maji yakiingia kwenye zege, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inalisukuma zege na kulipasua kutoka ndani. Ufa ukishatokea, maji yanaingia zaidi. Hakusema jengo litaanguka, na mimi sisemi hivyo. Alisema hali hiyo haijawahi kujitengeneza yenyewe, na kila mwaka unaopita kazi inakuwa kubwa na ghali zaidi.

Wakubwa wa kamati walinijibu kwenye kundi la WhatsApp kwamba "natia watu hofu". Basi nitawaambia cha kuogopa. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, mji wa Surfside, Florida, Marekani, sehemu kubwa ya jengo la fleti liitwalo Champlain Towers South iliporomoka watu wakiwa wamelala. Ghorofa 12, lililojengwa 1981, miaka arobaini tu, rika moja na letu. Walikufa watu 98. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameshaandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye eneo la bwawa limeshindwa kazi, maji hayatoki, na zege la chini linaharibika. Miaka ikapita wenye nyumba wakivutana juu ya gharama, wajumbe wa kamati wakijiuzulu, bei ya matengenezo ikipanda. Walipokubaliana kulipa muda haukutosha. Mwaka uliofuata jimbo lile likatunga sheria ya kulazimisha majengo ya aina hiyo kukaguliwa yakifikia umri fulani, na kuwazuia wenye nyumba kujipigia kura ya kufuta akiba ya matengenezo ya msingi. Kujipigia kura ya kufuta akiba, ndicho kitu chenyewe tulichokuwa tunafanya sisi kwa makofi.

Kwa hiyo mimi sikatai kulipa. Nataka hili lieleweke kwa sababu tayari kuna mtu ameandika kwenye kundi kwamba wa ghorofa ya nne hataki kuchangia. Nitalipa. Nitauza kitu nilipe. Ninachokataa ni kulipa gizani. Nionyesheni ripoti ya mhandisi. Nionyesheni makadirio matatu ya mafundi watatu tofauti. Semeni tunaanza na paa, kwa sababu ukibadilisha mabomba na kupiga plasta huku paa linavuja umetupa pesa. Fungueni akaunti ya akiba peke yake, isiyochanganywa na ya mlinzi na mfagiaji, yenye watu watatu wa kutia sahihi na taarifa ya benki kubandikwa ngazini kila mwezi. Na huyo mzee wa namba 6, anayeishi kwa pensheni peke yake, miezi kumi na minne kwa mpigo ataitoa wapi? Leo jioni nimemkuta amekaa kwenye ngazi na ile karatasi, ameikunja mara nne, ananiuliza kama wanaweza kumtoa nyumbani kwake. Nyumba aliyoimaliza kuilipia kabla sijamzaa mtoto wangu wa kwanza. Mgawanyo wa miezi ishirini na minne ungewezekana. Mkopo wa jumuiya ungewezekana. Hakuna aliyekaa kufikiria.

Na wasiolipa! Fleti tano hazijalipa ada kwa zaidi ya mwaka. Tatu wamiliki wake hawakai hapa, wamepangisha, kodi wanachukua kila mwezi bila kukosa lakini ada ya jengo hawaijui. Moja ni ya mjumbe wa kamati. Nimeliuliza hilo kwenye kundi kwa heshima zote, bila kutaja jina. Ujumbe wangu ukafutwa na msimamizi ndani ya dakika kumi, halafu kundi likafungwa ili waandike viongozi tu. Sasa tunapokea salamu za asubuhi na matangazo ya taka, lakini hatuwezi kujibu.

Hesabu hatujasomewa kwa miaka mitatu. Mkutano mkuu wa mwisho akidi haikutimia, tukaambiwa utaitishwa mwingine, haukuitishwa. Ina maana huo mchango wa dharura umeamuliwa na watu watano sebuleni kwa mtu. Katiba ya jumuiya yetu ninayo, nimeisoma yote usiku wa jana: mchango wowote nje ya ada lazima upitishwe na mkutano wa wamiliki, na theluthi moja ya wamiliki wakisaini, mkutano lazima uitishwe. Fleti ishirini na nne, nahitaji sahihi nane. Mpaka sasa ninazo sita. Yule mama wa chini yangu alisaini wa kwanza, kalamu akaichukua mkononi mwangu kabla sijamaliza kueleza. Kijana na mkewe wamesaini. Mzee wa namba 6 amesaini. Wengine wananiambia wanaunga mkono ila hawataki kugombana na mwenyekiti kwa sababu wanakutana naye ngazini kila siku. Mimi pia nakutana naye ngazini.

Naombeni msaada kwa waliopita njia hii. Kama uliwahi kuidai kamati hesabu ikakataa, ulianzia wapi, kwa barua ya wakili au kwa ofisi ya serikali inayosimamia ardhi na majengo? Kwenye kukusanya sahihi, mliwapataje wamiliki waliopangisha wasiopokea simu? Na kuna yeyote ambaye jumuiya yao ilichukua mkopo kutengeneza paa, mlilipaje bila kuwaumiza wastaafu? Siku thelathini zinaisha tarehe mbili mwezi ujao, na sahihi mbili zilizobaki nataka nizipate kabla ya Jumamosi.